Uamuzi wa Busara: kwa nini Nyerere aliwaomba wajumbe wa Tabora wakubali kura ya kibaguzi

Ukipanda baiskeli kutoka Kwihara kwenda Tabora mjini, safari haichukui muda mrefu. Wageni wengi wanaifahamu Kwihara kwa ajili ya tembe, ile nyumba ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na ambayo leo ni makumbusho. Huelezwa habari za njia ya misafara, pembe za ndovu, watumwa na Wanyamwezi waliobeba mizigo hadi pwani. Wakitoka hapo hupiga picha, wakaondoka.

Tabora ina historia nyingine ambayo wageni hawaiulizi sana, na sisi wenyewe tumezoea kuitaja kwa maneno matatu tu: Uamuzi wa Busara. Tunayasikia kwenye hotuba na tunayakuta kwenye vitabu vya shule. Lakini wasikilizaji wetu, hasa vijana, wanatuuliza mara kwa mara: uliamuliwa nini? Aliyeamua ni nani? Na busara yake ilikuwa wapi?

Katika makala haya tunajibu maswali hayo. Jibu linaanza na mtu mmoja, Julius Kambarage Nyerere, na jambo moja gumu alilowaomba wenzake Januari 1958: washiriki katika uchaguzi ambao sheria yake ilikuwa ya kibaguzi, ili wapate nguvu ya kuuondoa ubaguzi wenyewe.

Nchi iliyopangwa kwa rangi

Kwanza tukumbuke Tanganyika ya wakati huo ilivyokuwa. Ilikuwa nchi ya udhamini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza. Maisha yalipangwa kwa rangi ya mtu. Shule zilikuwa za aina tatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na fedha za kumsomesha mtoto mmoja hazikulingana hata kidogo. Hospitali nazo zilikuwa na sehemu zao. Miji ilikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini, majina ambayo wazee wetu bado wanayatumia bila kufikiri yalikotoka.

Siasa nayo ilipangwa hivyo hivyo. Mwaka 1955 Gavana Edward Twining aliunda upya Baraza la Kutunga Sheria. Kwa upande wa wajumbe wasio wa serikali, aliweka viti 30: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia na kumi vya Wazungu. Serikali iliuita mpango huo usawa wa mataifa matatu.

Ukiusikia haraka, unaweza kudhani ni haki. Hebu tupige hesabu. Sensa ya mwaka 1957 ilionyesha kuwa Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Wazungu walikuwa wapata elfu 20. Wahindi na Wapakistani walikuwa elfu 70 na kitu. Kwa hiyo viti kumi vya Wazungu viliwakilisha watu ambao wangeenea katika wilaya moja ndogo, na viti kumi vya Waafrika vikawakilisha karibu nchi nzima. Ni kama kugawa gunia la mahindi kwa nyumba tatu sawasawa, wakati nyumba moja ina watu wawili na nyingine ina ukoo mzima.

Mwalimu aliyeijua Tabora

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, na mwaka 1937 akaletwa Tabora, katika shule ya serikali ya wavulana. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa miaka ya 1920, zaidi kwa ajili ya kuwasomesha watoto wa machifu.

Baada ya Makerere alirudi tena Tabora, safari hii akiwa mwalimu. Kuanzia mwaka 1946 alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria ya wamisionari Wakatoliki. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskochi, akasoma shahada, na mwaka 1952 akarudi nyumbani. Alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, na mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU.

Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, akaeleza kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika walio wengi na siku moja lazima ijitawale. Aliporudi, ualimu na siasa havikuweza kwenda pamoja tena. Akaacha kazi. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na mshahara ukakatika.

Hapa kuna jambo linalotusaidia kumwelewa. Nyerere aliukataa ubaguzi wa Wazungu dhidi ya Waafrika, na aliukataa pia ubaguzi wa kulipiza. Aliona kwamba ukimpinga mtu kwa sababu ya rangi yake, umeshakubali kanuni ya anayekutawala, umebadilisha tu nani akae juu. Msimamo huo ndio uliompa taabu kwa wenzake, na ndio uliokuja kupimwa Tabora.

Kura tatu ilikuwa kitu gani?

Serikali ilitangaza kwamba uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria utafanyika mwaka 1958. Nchi iligawanywa katika majimbo kumi, na kila jimbo likapewa viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu.

Mpigakura hakuruhusiwa kumchagua mtu wake peke yake. Alitakiwa kupiga kura tatu kwa mara moja: moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu. Akiacha hata moja, kura yake imeharibika. Ndiyo maana uchaguzi huo ukaitwa wa kura tatu.

Si kila mtu aliruhusiwa kuandikishwa. Ilibidi uwe umesoma hadi darasa la nane, au uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule, au uwe na cheo kilichotajwa na sheria. Mkulima wa Kwihara aliyeishi kwa jembe lake, bila mshahara na bila cheti, hakuwa mpigakura, hata kama alikuwa na kadi ya TANU na ada zake zote zimelipwa.

Kulikuwa pia na chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining. Sera yake ilikuwa kuendeleza huo mgawanyo wa mataifa matatu. Wanachama wengi wa TANU waliona wazi kwamba uchaguzi wa kura tatu umetengenezwa ili UTP ipate mahali pa kukanyaga.

Mkutano wa Tabora, Januari 1958

Hiyo ndiyo hali waliyokuja nayo wajumbe wa TANU walipokusanyika Tabora kwa mkutano wao mkuu wa mwaka. Mwezi mmoja tu kabla, Desemba 1957, Nyerere mwenyewe alikuwa amejiuzulu ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alikoteuliwa na gavana, kwa sababu serikali ilikuwa inayakataa mapendekezo yake yote. Mapema mwaka huo serikali ilikuwa imempiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Hakuna aliyeweza kusema kwamba Nyerere ni kibaraka wa serikali.

Wajumbe wengi walifika wakiwa na jibu moja mkononi: tususie. Hoja yao haikuwa ya kijinga, na ni vyema tuieleze kwa haki. TANU ilikuwa imezunguka nchi nzima ikiwaambia watu kwamba mgawanyo wa rangi ni dhuluma. Sasa iweje chama hicho hicho kiwaambie wanachama wake waende wakamchague Mzungu kwa sababu ni Mzungu na Mhindi kwa sababu ni Mhindi? Mwanachama aliyelipa ada yake kwa shida angeelewaje? Na yule asiye na darasa la nane, aliyeijenga TANU kwa jasho lake, aambiwe nini siku ya kura atakapobaki nyumbani?

Mmoja wa waliopinga kwa nguvu zaidi alikuwa Zuberi Mtemvu, mtu aliyekuwa TANU tangu siku zake za mwanzo.

Nyerere alikubaliana nao kwamba sheria ni mbaya. Tofauti yake nao ilikuwa kwenye swali linalofuata: tukisusia, nini kitatokea kesho yake? Uchaguzi hautasimama. UTP itasimamisha wagombea, itashinda bila upinzani, na serikali itaiambia dunia kwamba hao ndio wawakilishi halali wa wananchi. TANU itabaki nje ya mlango na madai yake ya haki, na pengine hasira za watu zitaishia kwenye fujo na damu, jambo ambalo lingewapa watawala sababu ya kukifungia chama.

Inasimuliwa kwamba alitumia mfano wa shamba. Una shamba lako, mazao yamekomaa, lakini mbele yake kuna dimbwi la matope. Ukitaka kuvuna, huna budi kukanyaga tope na miguu yako ichafuke. Utachagua lipi: miguu safi na mazao yaoze, au miguu michafu na mazao yafike nyumbani?

Januari ni mwezi wa mvua Tabora. Mfano huo haukuhitaji mkalimani.

Kulikuwa na hoja nyingine ndani ya ile ya matope, na hii ndiyo iliyohitaji jicho kali. Sheria ilimlazimisha kila mpigakura kuchagua watu watatu. Serikali ilidhani hiyo itawalinda Wazungu na Waasia. Nyerere aliigeuza upande wa pili: kama mpigakura Mwafrika analazimishwa kumchagua Mzungu na Mwasia, basi Mwafrika ndiye atakayeamua ni Mzungu yupi na Mwasia yupi. TANU haikuhitaji kushindana na Wazungu wote. Ilihitaji kuwatafuta Wazungu na Waasia wanaoamini kwamba nchi hii ni ya watu wake wote, na kuwaunga mkono hao. Mtego ungemnasa aliyeutega.

Mjadala ulikuwa mkali. Mwishoni kura zilipigwa, na walio wengi wakakubali kuingia katika uchaguzi. Hilo ndilo linaloitwa Uamuzi wa Busara.

Gharama yake

Uamuzi huo haukuwa wa bure. Mtemvu alijitoa TANU akaanzisha chama chake, African National Congress, chenye msimamo kwamba Tanganyika ni ya Waafrika tu. Kwa mara ya kwanza Nyerere alikuwa na wapinzani pande mbili: watawala waliomwona mchochezi, na wenzake wa jana waliomwona mlegevu.

Serikali nayo haikumwacha. Mwaka huo huo wa 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika gazeti dogo la Sauti ya TANU. Alitetewa na wakili maarufu kutoka Uingereza, D. N. Pritt. Mwezi Agosti mahakama ilimtia hatiani: alipe faini ya pauni 150 au aende jela miezi sita. Zilikuwa zile zile shilingi 3,000 ambazo mtu alipaswa kuzipata kwa mwaka mzima ili aruhusiwe kupiga kura. Faini ililipwa, na Nyerere akarudi kwenye kampeni.

Kilichovunwa

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU ilihamasisha kila mwenye sifa ajiandikishe. Wanawake wa chama, wakiongozwa na Bibi Titi Mohamed, walikuwa wameshajenga mtandao wa watu uliofika mbali kuliko magari ya serikali. Waafrika walioandikishwa walitosha kuamua nani ashinde hata kwenye viti vya Wazungu na Waasia.

TANU na wale iliowaunga mkono walizoa karibu viti vyote. Miongoni mwa walioingia barazani kwa kuungwa mkono na TANU walikuwa Derek Bryceson, mkulima Mzungu. Lady Marion Chesham wa kule Iringa. Sophia Mustafa wa Arusha. Na Amir Jamal. UTP ilianguka vibaya, na muda si mrefu ikatoweka.

Kisha likatokea lile ambalo waliotunga sheria hawakulitarajia. Wajumbe waliochaguliwa, wa rangi zote tatu, waliungana barazani chini ya uongozi wa Nyerere na wakadai kitu kimoja: serikali ya madaraka. Mpango uliowekwa ili watu wa rangi tatu wavutane ulizaa baraza linalosema kwa sauti moja.

Julai 1959 mawaziri watano kutoka kwa wajumbe hao waliingia serikalini. Walikuwa George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal, Derek Bryceson, na mmoja ambaye wasikilizaji wetu wa Kwihara wanaufahamu vizuri ukoo wake: Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 kura tatu haikuwepo tena, ingawa viti kadhaa vilikuwa bado vimetengwa kwa Waasia na Wazungu. TANU ilishinda viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa.

Mtihani wa pili

Ingekuwa rahisi kwa Nyerere kuutumia msimamo wake kama ngazi tu, kisha kuitupa akishapanda. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, alipimwa tena. Muswada wa uraia ulifikishwa bungeni. Baadhi ya wabunge wa chama chake walitaka uraia uwe wa Waafrika, na watu wa rangi nyingine wawekewe vikwazo. Safari hii waliotaka kugawa watu kwa rangi walikuwa wake mwenyewe, na walikuwa na nguvu.

Nyerere aliwajibu kwa ukali ambao wengi hawakuutarajia. Aliwaambia kwamba uraia utafuata utii wa mtu kwa nchi na hautafuata ngozi yake, na kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali sheria ya rangi. Muswada ukapita. Mwaka 1962 zile shule za aina tatu zikaanza kuunganishwa.

Januari mwaka huo huo, Nelson Mandela alitoroka Afrika Kusini kwa siri na kutua Mbeya. Baadaye aliandika jinsi alivyoshangaa, pale hotelini, kuona weusi na weupe wakikaa na kuzungumza pamoja bila mtu kumfukuza mwenzake. Alisafiri hadi Dar es Salaam na kukutana na Nyerere. Tangu hapo nchi yetu ikawa kimbilio la wapigania uhuru wa kusini, na mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Afrika ikaweka makao yake Dar es Salaam.

Tusimfanye malaika

Msikilizaji anayeijua historia yetu atauliza: na mengine je? Ni swali la haki. Nyerere huyu huyu aliyewashawishi wajumbe Tabora kwa hoja, mwaka 1962 serikali yake ilipitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. TANU yenyewe ilikuwa chama cha Waafrika tu hadi baada ya Uhuru, ndipo ikawafungulia mlango watu wa rangi zote. Kumheshimu kiongozi hakutuzuii kuyasema hayo.

Lakini kwenye suala la rangi, alichokisema mwaka 1958 akiwa hana madaraka ndicho alichokitetea mwaka 1961 akiwa nayo. Hapo ndipo wengi huteleza.

Tunachoweza kubeba

Siku hizi hakuna karatasi ya kura inayokuuliza wewe ni Mwafrika, Mwasia au Mzungu. Lakini vijijini kwetu bado tunasikia maneno ya chini chini wakati wa uchaguzi: huyu si wa kabila letu, yule si wa dini yetu, mwenyekiti huyu ni mtu wa kuja. Tabora, mji uliojengwa na watu wa kuja kutoka Pwani, Uarabuni, Ujiji na Usukuma, ungekuwa wa kwanza kuumia kama tungepigana kwa misingi hiyo.

Kwihara bado kuna wazee waliokuwa watoto mwaka ule. Ukipata nafasi, kaa na babu au bibi umuulize: mwaka wa kura tatu, nani katika nyumba hii aliruhusiwa kupiga kura? Nani alikataliwa? Na aliyekataliwa alifanya nini siku hiyo? Kisha tutumieni majibu yao kwa ujumbe mfupi wa simu, nasi tutayasoma hewani ili wengine nao wayasikie.